Mama na Kazi: Roho Inachafuka, Kazi Inangoja

Mwezi uliopita niliahidi kuandika juu ya kunyonyesha. Mnisamehe, hayo tutayaona mwezi ujao. Barua moja imetoka Ankoro, imeandikwa kwenye ukurasa wa kaye ya shule, na nimeona haiwezi kungoja. Mama huyo anasema:

«Mama, jambo. Niko na mimba ya miezi mbili. Kila asubui natapika mbele ya kutoka nyumbani. Ku kazi ya kusafisha mabwe, nikisikia arufu ya mazuti ya motopompe, ao ya samaki wa kukauka, roho inachafuka na macho inaona giza. Nasema ni malaria. Wakijua ni mimba watanifukuza, na watoto watatu watakula nini?»

Ankoro tunaijua, pale Luvua inapoingia ndani ya Lualaba. Watu wa huko ni wa shamba na wa nyavu. Lakini kutoka Ankoro mpaka Manono na pande zake, mama wengi wanatafuta franka kwenye mabwe ya kasiterite na koltani: kubeba, kutwanga, kuosha, kupika kwa ajili ya wachimbaji. Ni kazi bila karatasi. Siku usiyofika, hakuna kitu.

Mama, kwanza ujue kwamba wewe si mvivu na haukulogwa. Kati ya wanawake kumi wenye mimba, karibu saba wanasikia kichefuchefu. Kinaanza karibu na juma la 6, kinazidi karibu na juma la 9, na kwa wengi kinapunguka kati ya juma la 12 na la 16. Tunasema «ugonjwa wa asubui», lakini wengine wanashikwa mchana, wengine usiku. Mwezi wa Desemba 2023 wachunguzi wa Uingereza na Marekani walionyesha sababu moja kubwa: homoni iitwayo GDF15, ambayo nyingi yake inatoka kwa mtoto na kondo lake. Mama ambaye mwili wake haukuizoea mbele ya mimba njo anateseka zaidi. Basi mabwana na mabibi wakwe wanaosema «anajifanya» wasome mistari hii mara mbili.

Sasa hofu yako ya kufukuzwa. Haukuitunga. Amri ya Waziri wa Mini ya Februari 2012, inayopanga karieri kwa alama ya kijani, ya manjano na ya nyekundu, inahesabu kazi ya wanawake wenye mimba kati ya makosa yanayoweza kuipa karieri alama nyekundu. Karieri nyekundu haina ruhusa ya kuuza mabwe yake. Njo maana wakubwa wa mashimo wanaogopa tumbo la mama kuliko wanavyoogopa shimo kuanguka. Tena kuna wale wanaosema mwanamke akiwa na mimba mabwe yanakimbia. Hayo ni maneno ya bure. Na wengine wanageuza amri hiyo, wanasema wanawake wote wamekatazwa. Si kweli: amri inasema juu ya wenye mimba.

Mimi naona amri hiyo ina akili nusu. Kubeba mfuko mzito, kuinama kutwa nzima ndani ya maji, vumbi, udongo unaoanguka: hayo kweli si mahali pa mama mwenye mimba. Wale wa pande za zahabu wanaochoma zebaki wanatia sumu ndani ya mtoto, na hapo sina maneno mawili. Lakini amri inamtoa mama shimoni bila kumwonyesha sahani yake iko wapi. Basi mama anaficha. Na mwenye kuficha anabeba mfuko uleule, anakataa kunywa maji ili asitapike mbele ya watu, halafu anaanguka.

Mwalimu wa shule ao mfanyakazi wa kampuni mwenye mkataba ana njia nyingine. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inampa majuma 14 ya kupumuzika kwa uzazi, na theluthi mbili za mshahara. Mama wa mabwe hana hayo. Yeye ana wenzake.

Njo maana nakushauri hivi. Usingoje tumbo lionekane. Ongea sasa na mama wawili watatu wa likelemba yenu. Omba zamu yako ya kupokea isogezwe mbele, uipate katika mwezi huu ao ujao, ufanye nayo kazi ya nje ya karieri: chapati, maharagwe, unga wa mihogo, sabuni, kitu cha kuuza ukiwa umeketi kivulini. Mwenzako mwenye nguvu aendelee na mabwe, utamrudishia zamu yake kisha kuzaa. Bwana naye aambiwe leo. Kama yeye ni mchimbaji, afahamu kwamba miezi hii miwili franka za nyumba zitatoka zaidi kwake, na maji ya asubui atachota yeye. Najua baba fulani anacheka hapa. Acheke akiwa na ndoo mkononi.

Kwa siku unazofanya kazi ukiwa na kichefuchefu, jambo kubwa ni tumbo lisikae tupu. Jioni weka karibu na kitanda kiazi kilichopikwa, ao kipande cha muhogo wa kuchoma, ao mkate mkavu. Kula kidogo mbele ya kusimama, ngoja kidogo, ndipo usimame polepole. Kwenye kazi kula kidogo kidogo kila saa mbili; usingoje sahani kubwa ya bukari saa nane. Kama harufu ya sombe yenye mafuta mengi inakushinda, iache kwa majuma haya, itakungoja. Kunywa maji safi funda kwa funda, katikati ya chakula. Chai ya tangausi inasaidia wengi, na Shirika la Afya Ulimwenguni tangu 2016 linaitaja kati ya misaada ya kichefuchefu, pamoja na vitamini B6 ambayo utauliza kwa muganga. Vidonge vya damu vikikugeuza roho, usivitupe: vimeze jioni kisha chakula. Pemba, ule udongo mweupe wa sokoni, punguza mpaka uache. Unatuliza mate, lakini unazuia damu kuongezeka. Na dawa za mfuko wa mchuuzi wa njiani usiguse, hata kama anaapa.

Sasa neno moja katika barua yako limenitia hofu: «Nasema ni malaria.» Je, ikiwa ni malaria kweli? Kichefuchefu cha mimba hakileti homa. Ukitapika na mwili una moto, nenda ukapimwe damu siku hiyohiyo. Ukitapika pamoja na kuhara maji maji, fikiri kipindupindu, maana jimbo letu la Tanganyika linakijua; usingoje asubui. Nenda tena upesi kama maji hayakai tumboni kutwa nzima, kama mkojo ni kidogo na mweusi, kama unaona giza ukisimama, kama damu inatoka chini. Unaona giza tayari, umeandika mwenyewe. Basi usingoje gazeti la mwezi ujao.

Njiani kwenda kituo cha afya kunywa kidogo kidogo maji haya: litre moja ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyojaa kupita kipimo, na nusu kijiko cha chumvi. Ukifika, sema wazi: «Niko na mimba ya miezi miwili, natapika, naona giza.» Waandike jina lako kwenye CPN palepale, ni vizuri mara ya kwanza iwe mbele ya juma la 12, na wewe ungali na nafasi. Wakikuwekea serum, mwenzako wa likelemba akae na watoto.

Halafu unitumie barua nyingine, kwa njia ileile, unieleze wamama wamejibu nini juu ya zamu yako.