Kipimo cha Chama ni Kushindwa

Chama cha siasa si dhambi. Dhambi ni kukifanya mungu. George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, alipoaga mwaka 1796 aliwaonya wananchi juu ya roho ya uchama. Lakini waliokuwa mawaziri wake, Alexander Hamilton na Thomas Jefferson, walikuwa wamekwisha kuligawa taifa kati ya Wafederali na Warepublikani wa wakati ule. Mwaka 1798, chini ya Rais John Adams, Wafederali walitunga sheria iliyowatia gerezani waandishi walioikosoa serikali.

Hata hivyo, Adams aliposhindwa na Jefferson katika uchaguzi wa 1800, hakuita jeshi. Alfajiri ya tarehe 4 Machi 1801 aliondoka mjini Washington. Hakuhudhuria kuapishwa kwa mshindi, lakini alimwachia kiti.

Twasema wazi: chama hupimwa kwa namna kinavyokubali kushindwa. Wala tusiwasahau watumwa: kila watano walihesabiwa kama watu watatu ili kuyaongezea majimbo ya mabwana wao nguvu ya kura, nao wenyewe hawakupiga kura. Amani ile ilikuwa njema. Haki ilikuwa bado.