MMEA WA MTAKATIFU YOHANA

Katika nchi za Ulaya huota mmea mdogo wenye maua ya manjano, ambao kwa Kilatini huitwa Hypericum perforatum. Jina la pili lina maana ya kutobolewa, kwani jani lake likiinuliwa juani huonekana vitone ving'avu kana kwamba limechomwa sindano. Watu wa kale waliuita mmea wa Mtakatifu Yohana, kwa kuwa huchanua karibu na sikukuu yake ya tarehe 24 Juni. Waliutundika mlangoni kufukuza pepo, wakaroweka maua yake katika mafuta hadi yakawa mekundu, wakayapaka vidonda. Wenye majonzi walinyweshwa chai yake.

Hilo la majonzi halikuwa la bure. Mwaka 2008 wataalamu walipitia majaribio 29 yenye wagonjwa 5,489 wa sonona, wakaona kuwa dawa iliyokamuliwa katika mmea huo ilivishinda vidonge vitupu, ikalingana na dawa za hospitali. Lakini majaribio ya Ujerumani na jirani zake ndiyo yaliyousifu zaidi. Jaribio la Marekani la mwaka 2002, lenye wagonjwa 340, halikuona tofauti na kidonge kitupu.

Hatari yake, hata hivyo, imo katika nguvu zake. Kiini chake kimoja, haipaforini, hulihimiza ini kuzivunja dawa nyingine upesi. Mwaka 2000 ilionekana kwamba indinaviri, dawa iliyotumiwa wakati huo dhidi ya virusi vya UKIMWI, ilipungua mwilini kwa zaidi ya nusu. Hali kadhalika dawa za kuzuia damu isigande, na vidonge vya majira. Mke wa askari aliyebaki kambini miezi mingi, akaletewa kopo la dawa hiyo na ndugu aliye Ulaya, huenda akapata nafuu ya moyo. Lakini mume arudipo likizo, vidonge vya majira si vya kutegemewa tena. Na anayemeza dawa ya sonona ya hospitali asiichanganye nayo kamwe: hutetemeka, hutoka jasho na kuchanganyikiwa.

Miinuko ya Rwenzori ina ndugu wa mmea huo, Hypericum revolutum, mwenye maua ya manjano vilevile. Huyo siye aliyepimwa katika majaribio hayo, wala si wa kuchumwa kwa kufananisha maua. Asiyelala kwa majuma, au anayetamka kujiua, hupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo, na makopo yote ayamezayo yachukuliwe pamoja naye.

Mwenye kuacha dawa hii naye asiharakishe, maana ini huendelea na kasi yake kwa muda. Wanaotumia vidonge vya majira hushauriwa kuongeza kondomu kwa wiki 4 baada ya kuiacha.