Homa ya Mombasa, tembe za Githongo

Juzi nikiwa Githongo, Imenti ya Kati, kijana aliyerudi kutoka kibarua Mombasa aliingia dukani akaomba dawa ya kichwa. Akauziwa tembe nne zenye aspirini bila swali lolote, akameza mbili papo hapo. Joto lilikuwa limempanda na misuli inamuuma. Kwa baridi ya huko mlimani, kila mtu alimwambia ni mafua.

Sina ugomvi na dawa za dukani. Foleni ya hospitali humla mtu kibarua cha siku nzima, na parasetamoli hushusha homa vizuri, mradi mtu mzima asizidishe tembe 8 za miligramu 500 kwa siku. Lakini sisi wa Mombasa tumeona milipuko ya homa ya dengue, 2013 na tena 2021, na dalili zake ni hizo hizo. Mgonjwa wa dengue akimeza aspirini, Brufen au diclofenac, hatari ya kuvuja damu huongezeka. Ikiwa ni malaria, joto litashuka huku vimelea vikizidi kuzaana, na aliyekulia mlimani hana kinga navyo.

Mwenye duka si daktari, simdai mengi. Aulize tu: "Mwezi huu umetoka wapi?" Akitajiwa Pwani, auze parasetamoli pekee na amtume mtu akapimwe siku hiyo hiyo. Nilimsihi yule kijana aende. Akasema kesho, leo ana majani chai ya kuchuma.