WAGENI WANATUSOMA, VIGOGO WETU WANASOMA NINI?

Dodoma tumewazoea wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo. Wanafika vijijini na daftari, wanamuuliza bibi kizee mahari ni ng'ombe wangapi, mtama unawekwaje. Sina ugomvi nao. Anayekula ugali wa uwele na kulala kijijini miezi mingi ana adabu kuliko vigogo wanaopita na mashangingi, vioo juu!

Swali langu ni moja: anachokiandika kinakwenda wapi?

Mwaka 1969 Peter Rigby alitoa kitabu juu ya ng'ombe na ukoo kwa Wagogo. Gregory Maddox akachunguza Mtunya, njaa iliyotuangamiza 1917 hadi 1920, baada ya Wajerumani na Waingereza kukomba nafaka, ng'ombe na wapagazi kwa vita vyao. Yote kwa Kiingereza. Mjukuu wa mzee aliyehojiwa atayasoma wapi?

Wala msiseme hatuna wenyewe. Mgogo Mathias Mnyampala aliandika historia na mila za Wagogo kwa Kiswahili mwaka 1954. Mwaka 1995 Maddox akakitoa kitabu hicho kwa Kiingereza. Mgeni kakithamini, sisi je?

COSTECH ndiyo hutoa vibali vya utafiti. Basi ripoti zisiishie maofisini. Kila kibali kidai muhtasari wa Kiswahili ubaki kwenye shule ya kata husika.

Ukame haujatuhama. Historia ya njaa yetu isijulikane na wageni peke yao.