Mchanga Ndio Ukuta Wetu

Watu wengi wakisikia habari za kuta za kuzuia maji na vivuko vya salama, fikira zao huelekea pwani: Mombasa yenye mawimbi, na Likoni yenye feri. Hudhani ya kuwa nchi kavu ya Kitui na Makueni haina haja ya kinga kama hizo. Dhana hiyo ni kosa, na kosa lenyewe limegharimu roho za watu.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililochukua wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, upande wa Mwingi, hali maji yamefunika njia. Mto ulilichukua, na watu zaidi ya 30 wakafa. Wakati wa kiangazi mto huohuo mtoto huuvuka bila ya kulowesha kisigino. Ni nani basi awezaye kusema ya kuwa vivuko ni haja ya watu wa pwani peke yao?

Mito yetu hufurika kwa siku chache, kisha hukauka kwa miezi mingi. Kwa kuwa joto la dunia linazidi, tabia hizo mbili nazo zinazidi ukali. Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 mvua za misimu mitano mfululizo hazikutosha. Na mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikaleta gharika. Ukame na gharika ni maadui wawili, lakini iko ngao moja ifaayo dhidi ya wote wawili, nayo ni mchanga wa mtoni.

Mchanga hupunguza mbio za maji, hushika kingo, na hufunika misingi ya madaraja. Tena huficha maji chini yake, mahali ambapo jua haliyafikii kwa urahisi. Ndiyo sababu wakulima wa Ukambani hujenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji hukingamishwa mtoni juu ya mwamba, mafuriko huleta mchanga nyuma yake, na kiangazi kikiingia watu huchimba na kuteka maji.

Hazina hiyo ndiyo inayopakiwa katika malori kwenda kujenga majumba ya mijini. Wapakiaji husema ya kuwa mchanga hurudi kila mvua, na ya kuwa vijana hupata riziki. Kweli, hurudi, lakini lori huchukua kwa siku moja kiasi ambacho mto hukileta kwa taabu. Bandu bandu huisha gogo. Mto uliokwanguliwa hadi mwambani hupitisha maji yote kwa nguvu, kisha huacha visima vitupu. Kuhusu riziki, vijana na waajiriwe kujenga mabwawa na kuinua vivuko. Kazi hiyo nayo yataka mikono.

Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Ni jambo la sifa, lakini sheria isiyo na walinzi ni karatasi. Serikali na ijenge madaraja marefu mahali pa vivuko vya hatari. Wananchi nao wakatae kuuza mito yao. Na ninyi wanafunzi, mtakaoirithi nchi hii, ulizeni tangu leo: mchanga wa mto wenu unakwenda wapi, na kwa idhini ya nani?