Asilimia Kumi ni ya Nani?

Ndugu Wakristo, tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri, Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zikiwamo, itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hiyo si sadaka ya wakubwa. Ni ushuru wa mama muuza dagaa pale Kirumba. Aprili 2023 mikopo ilisimamishwa nchi nzima, hata 2024, ushuru haukusimama. Nasi, hodari wa kujaza makanisa, mkutano wa mtaa twamwachia mwenyekiti na rafiki zake! Jumuiya za Mabatini na Igogo zimtake diwani asome hadharani: kikundi gani, kiasi gani, kimerejesha ngapi.