Bodi za Miji na Hodi Isiyoitikiwa

Sisi watu wa pwani tumelelewa juu ya hodi. Kabla mtoto hajajua kuandika alifu alikwisha kujua kwamba mlango wa mtu hauvukwi bila ya ruhusa. Chuoni tukasomeshwa Sura ya An-Nur, na maalim akatufahamisha kwamba mgeni hubisha na kutoa salamu, na akiambiwa arudi hurudi zake bila ya kununa. Wajuzi watanikumbusha kwamba mwenye nyumba naye ana haki ya kunyamaza, na asiyejibiwa mara ya tatu huondoka. Naam, hiyo ni haki yake nyumbani kwake. Lakini ofisi ya mji si nyumba ya mtu. Ile ni nyumba yetu sote, na waliomo ndani tumewaweka sisi ili waitike.

Nayasema haya kwa sababu ya vibali na leseni, na namna bodi zinazosimamia miji yetu midogo zinavyozishughulikia. Malalamiko nimeyasikia mengi, barazani na msikitini baada ya swala. Aghalabu watu hulalamika kwamba wamekataliwa. Nikiwahoji vizuri hugundua kwamba hawakukataliwa, hawakujibiwa. Na kati ya mambo hayo mawili kuna bahari kubwa.

Tuanze na sheria, kwani wengi wetu tungali tukifikiri mambo ni kama yalivyokuwa zama za mabaraza ya zamani. Mabaraza hayo yalikwisha mwaka 2013, serikali za kaunti ziliposhika hatamu. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi ya leseni za biashara, mipango ya ujenzi, na usimamizi wa shughuli za utamaduni na starehe za umma. Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 ikaleta bodi za manispaa, ambazo kaunti huweza kuzikabidhi sehemu ya kazi hizo. Kwa hivyo leo mtu akitaka kuongeza ghorofa, kufungua mkahawa au kupiga hema la ngoma njiani, mbele yake kuna kaunti, kuna bodi, na pengine kuna wengine.

Nauchukua mji wa Lamu kuwa mfano, kwa kuwa hapo mambo yamepangwa tabaka juu ya tabaka. Ofisi ya kuhifadhi mji wa kale ilifunguliwa mwaka 1986. Mwaka 1991 ikaundwa kamati ya mipango ya kutoa shauri juu ya ujenzi. Mwaka 2001 mji ukaingizwa katika orodha ya urathi wa dunia. Mwaka 2006 ikaja Sheria ya Makumbusho na Urathi, na mwaka 2019 Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Zote hizo zina neno juu ya ukuta wako. Na boriti nazo zina wenyewe. Misitu ya mikoko ilitangazwa kuwa ya serikali tangu mwaka 1932, na hukati mti humo bila ya kibali. Mwaka 2018 serikali ya taifa iliposimamisha ukataji wa miti, wakataji wa Lamu nao wakakaa na mashoka yao mikononi.

Asije mtu akadhani napinga vibali. La hasha. Nyumba ya mawe haikujengwa kwa ajili ya mwenyewe peke yake. Ina daka la kupokea wageni, ina ndani ya wanawake, na madirisha yake yamepangwa ili jirani asimchungulie jirani. Wikio, kile chumba kinachopita juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, hakikujengwa pasina wenye nyumba zote mbili kuridhiana. Mtu akiinua ghorofa ya tatu ya zege na kufungua roshani juu ya ua wa mwenziwe, amechukua sitara ya watu, na upepo wao pia. Wanazuoni wetu waliyaandika mambo haya zamani. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, ameeleza kazi ya muhtasib, msimamizi wa soko na njia, na akaweka mipaka yake: huyo huangalia lililo dhahiri na lenye kuwadhuru watu, wala hapekui yaliyositirika majumbani. Kule Tunis katika karne ya kumi na nne alikuwako Ibn al-Rami, fundi mwashi aliyeandika kitabu kizima juu ya hukumu za kuta na madirisha na maji ya mifereji. Basi bodi inayomwambia mtu, "Hapana, ghorofa hii hutajenga," inafanya kazi ya heshima. Mimi nitasimama nayo.

Bodi isiyosema hapana wala ndiyo, hiyo siwezi kusimama nayo. Na sababu ya kunyamaza kwake sidhani kuwa ni uvivu kila mara, wala si hongo kila mara, ingawa hongo iko na sitaifunika. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni ugonjwa wetu wenyewe ambao tumeupa jina zuri: muhali. Katika mji mdogo mjumbe wa bodi si mtu wa mbali. Ni mkweo, ni jirani wa msikitini, ni mtu uliyekula naye sinia moja juzi arusini. Amtazame vipi mjomba wake usoni na amwambie ombi lake halikubaliki? Anaona muhali. Kwa hivyo husema, "Inshallah." Neno tukufu hilo, ambalo tumeamrishwa kulitaja kila tunapoazimia kutenda jambo, sasa tumeligeuza la kumtolea mtu ofisini. Faili hurudi mtotoni. Na asiye na mjomba katika bodi naye hunyamaziwa vile vile, kwani wakimjibu yeye watakuwa wamewafedhehi wale waliowanyamazia.

Katika mji mmoja wa pwani, ambao sitautaja na wala si Lamu, namjua bibi mjane aliyeachiwa nyumba na babake. Boriti za ukumbi zilikwisha kuliwa na mchwa. Hakutaka kuongeza kitu. Alitaka atoe boriti kumi na mbili mbovu, aweke kumi na mbili nzima, na apige chokaa. Akaandikiwa barua, akatia na mchoro wa fundi, akalipa ada, akapewa risiti. Masika ilikuwa bado miezi mitatu.

Alikwenda ofisini mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mara ya nne alinichukua mimi, akidhani mtu wa gazeti ataogopwa. Tukampata mjumbe mmoja ambaye ni mtoto wa nduguye.

"Shikamoo shangazi. Umekuja mwenyewe na jua lote hili! Si ungenituma mtu nije?"

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kutazama ile karatasi."

"Shangazi, ile iko mezani. Usitie shaka. Inshallah kikao kikikaa."

"Kikao kitakaa lini?"

"Karibu tu, shangazi. Inshallah."

Nikamuuliza kama kuna kasoro katika mchoro. Akasema hakuna. Nikamuuliza kama kuna aliyepinga. Akasema hakuna, tena akaagiza tuletewe soda. Tukanywa soda, tukatoka.

Wasiozijua nyumba zile hawawezi kuona ubaya wa kungoja. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huishi kwa kupumua, na dari yake ni boriti za mikoko zilizolala ubavu kwa ubavu, na juu yake vifusi na sakafu ya chokaa vyenye uzito wa ajabu. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti haivuki mno mita tatu. Boriti moja ikilainika, mzigo huhamia kwa jirani yake, na hiyo ya pili hulainika upesi zaidi. Maji ya masika yakipenya juu, mambo yamekwisha. Hapo mwenye nyumba ana njia mbili tu. Ama huita fundi usiku amtilie viraka vya saruji, na saruji huziba pumzi ya ukuta, unyevu ukabaki ndani, na mawe yakaanza kumumunyuka. Ama huuza.

Mvua ya mwezi wa Mei iliangusha pembe ya ukumbi ule. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Bibi alihamia kwa bintiye, na mwaka haukwisha kabla nyumba haijauzwa. Aliyeinunua si mtu wa mji ule. Alikuja na wakili na mchora ramani, na kazi ikaanza.

Hapa ndipo penye fundo ambalo watu wetu wachache wanalijua. Ile Sheria ya Mipango ya mwaka 2019 inasema kwamba mwombaji wa kibali cha ujenzi asipopata jibu la maandishi katika siku 60, ombi lake huhesabiwa limekubaliwa. Kweli, ndani ya mji uliohifadhiwa sheria ya makumbusho bado ina kauli yake, na mtu hawezi kuiruka. Lakini tazama jinsi kimya kinavyofanya kazi. Mwenye wakili huzihesabu siku, na siku ya 61 huleta mchanga na zege, hata kama mchoro wake ungestahili kukataliwa mchana kweupe. Mjane asiyejua sheria huendelea kungoja, hata kama ombi lake lilikuwa la boriti kumi na mbili. Kimya kile kile kwa huyu ni ndiyo, kwa yule ni la. Bodi inadhani imekwepa fitina kwa kunyamaza, kumbe imehukumu, na imemhukumia mwenye mali.

Basi huu muhali tunaouona ni rehema haukumhurumia shangazi. Angeambiwa siku ya kumi kwamba ombi limekataliwa, angekuwa na haki ya kupewa sababu kwa maandishi, kwani Kifungu cha 47 cha Katiba kimeiweka haki hiyo kwa kila mtu anayeguswa na uamuzi wa ofisi. Angekuwa na siku 14 za kupeleka rufani kwenye kamati ya kaunti. Mtu huweza kukata rufani juu ya hapana. Hawezi kukata rufani juu ya soda.

Wenye biashara ndogo nao wana yao, na sitayarefusha. Kiasi cha mwaka 2000 mabaraza yalianza kutoa leseni moja ya biashara badala ya lile rundo la zamani, na wauzaji wakashukuru. Siku hizi rundo linarudi kwa mlango wa nyuma: ada ya hiki, ada ya kile, na askari wa soko anayetaja bei kwa mdomo. Mama wa mahamri ajue jambo moja tu. Kifungu cha 210 kinasema hapana kodi wala ada ya leseni inayotozwa ila kwa sheria. Ada ambayo haimo katika sheria ya fedha ya kaunti si ada, na ana haki ya kuomba aonyeshwe ilipoandikwa. Aombe kwa upole, na risiti aidai kabla pesa hazijatoka mkononi.

Kwa wajumbe wa bodi, ambao wengine ni rafiki zangu na wanajua simu yangu, ombi langu si kubwa. Sheria ile ya 2011 imewapa wakazi haki ya kujibiwa upesi barua zao na kuarifiwa maamuzi yanayogusa mali zao. Kuitimiza hakuhitaji mashine wala fedha za wahisani. Mjumbe ambaye mwombaji ni jamaa yake atoke kikaoni, asiliguse faili, naye atakuwa amepata udhuru wa kumwambia shangaziye. Matengenezo ya kubadilisha boriti na chokaa kwa kile kile kilichokuwapo yawekewe safu yake, yasipange foleni pamoja na maghorofa. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili. Nimeona barua ya Kiingereza ikitembezwa mtaa mzima ikitafuta wa kuisoma, na aliyeisoma mwisho ni mtoto wa darasa la saba, akamwambia babu yake kwamba amekubaliwa, kumbe ameambiwa alete mchoro mwingine.

Na utundikwe ubao. Uandikwe namba ya ombi, tarehe lilipoingia, siku zilizobaki kufika 60, na neno moja mwishoni: ndiyo, hapana, au bado kwa sababu fulani. Majina si lazima, ili watu wasitirike. Ubao huo uwekwe nje, karibu na mlango, mahali ambapo hata aliyekuja siku ya Ijumaa ofisi imefungwa ataweza kuusoma kabla ya kwenda msikitini.